Kupima Dhahabu Bila Kuikwaruza

Mwaka 1872 kiwanda cha sarafu cha Munich, katika ufalme wa Bavaria, kilikuwa kikipiga mark 20 za dhahabu zenye sura ya Mfalme Ludwig II. Viwanda vya namna hiyo vilikuwa na desturi: kabla ya sarafu mpya kutoka kwa wingi, hupigwa vipande vichache vya majaribio ili wakubwa waukubali mchoro au waukatae. Vipande hivyo adimu ndivyo vinavyogombewa minadani leo, na matapeli wanalijua hilo.

Ili kujua kama dhahabu ni halisi, sonara wa zamani angeisugua kwenye jiwe jeusi na kudondoshea tindikali. Kwa pete si neno. Sarafu adimu ikikwaruzwa, bei imeporomoka.

Maji hayakwaruzi. Mark 20 ina uzito wa gramu 7.965, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 900 ni dhahabu, iliyobaki shaba. Weka glasi ya maji juu ya mizani nyeti, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa glasi. Mizani itasoma takriban gramu 0.46, uzito wa maji yaliyosukumwa. Risasi iliyopakwa dhahabu, yenye uzito uleule, itasoma 0.70, kwa kuwa ni nene zaidi. Jaribu hata kwa mkufu wako, mradi hauna vito wala uwazi ndani.

Njia ya pili ilizaliwa Bavaria hiyohiyo. Novemba 1895, mjini Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Miale hiyo ikiipiga atomu hung'oa elektroni ya ndani. Elektroni nyingine hushuka kuziba pengo na kutoa mwale wenye nguvu maalumu kwa kila elementi. Mashine ya eksirei husoma miale hiyo: dhahabu hii, shaba hii, kwa kiasi hiki. Lakini husoma ngozi ya juu tu, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo koti nene la dhahabu huidanganya. Ndiyo maana mizani na maji havijastaafu.

Anayenunua vipande vya dhahabu safi ana adui mwingine, tungsteni, ambayo uzito wake kwa ujazo unakaribiana mno na wa dhahabu. Hapo hutumika mawimbi ya sauti, maana ndani ya tungsteni sauti hukimbia zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, na ndani ya dhahabu haifiki 3,500.

Tapeli mwerevu hutumia dhahabu halisi ya 900, na vipimo vyote hivi vitampitisha. Mashine hutambua madini, haimtambui aliyeyapiga mhuri. Kwa sarafu ya majaribio, dai pia historia ya umiliki na jicho la mtaalamu kwenye hadubini kabla hujatoa hela.