Radi Vilimani: Tahadhari kwa Wapandaji na Wanaopiga Kambi

Wakazi wanaopanda vilima vya Samia au kwenda kuona michoro ya miambani Kakapel, kule Teso, waanze safari alfajiri na wawe wameteremka kufikia saa sita mchana. Huku kwetu ngurumo huja alasiri, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10: teremka mara moja. Usijikinge chini ya mti wala mdomoni mwa pango. Mwamba wa Kakapel huzuia mvua vizuri, lakini umeme hupita juu ya jiwe. Hema pia si kinga. Ingia kwenye nyumba ya kudumu au gari lililofungwa vioo, na ukae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse. Kama hapumui, mbonyeze kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwenzako akipiga 999 au 112.

Wanaolala nje wabebe chandarua chenye dawa. Wanaotoka Malaba kwenda Mlima Elgon wabebe vitambulisho, maana mpaka wa Uganda unapita mlimani.