Profesa Fleming na Globu Yenye Kibati

Nyoosheni mkono wa kushoto, wanangu. Gumba kielekee juu, kidole cha shahada mbele, cha kati kulia. Cha shahada ni uga wa sumaku, cha kati ni mkondo wa umeme, na gumba ndio upande ambao waya utasukumwa. Mkifika sekondari mtawaona wenzenu kwenye mtihani wa fizikia wakipinda vidole namna hii huku wakinong'ona. Kanuni hiyo ilitungwa na profesa mmoja wa Kiingereza, John Ambrose Fleming, ili wanafunzi wake wasiwe wanachanganya pande. Huyo ndiye nitakayewasimulia.

Fleming alizaliwa Lancaster mwaka 1849. Baba yake alikuwa mchungaji, na imani aliyoikuta nyumbani alikaa nayo mpaka kufa. Alipokuwa mtoto alipenda kuunda vyombo, mashua na injini ndogondogo, katika karakana yake mwenyewe. Lakini fedha ya kusomea haikutosha. Mchana alifanya ukarani katika ofisi ya London, usiku akafungua vitabu, na mwaka 1870 akapata shahada. Akafundisha, akaweka akiba, na mwaka 1877, akiwa mtu mzima, akaenda Cambridge kusoma kwa mwanafizikia James Clerk Maxwell. Maxwell naye alikuwa mcha Mungu, na mihadhara yake ilikuwa migumu mno hata wasikilizaji wakawa wachache sana. Fleming hakukosa.

Mwaka 1885 chuo cha University College London kikampa kiti cha uprofesa wa uhandisi wa umeme. Alikikalia miaka 41.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1901 mvumbuzi Marconi alitaka kurusha ishara za redio kuvuka bahari ya Atlantiki, na aliyesanifu mtambo mkubwa wa kurushia, huko Poldhu, pwani ya Uingereza, alikuwa Fleming. Desemba ile Marconi, akiwa Newfoundland, zaidi ya kilomita 3,000 ng'ambo, alisema amesikia herufi S: nukta tatu tu. Sifa zikamwendea Marconi, na profesa akarudi maabara.

Shida iliyobaki ilikuwa kuzinasa hizo ishara. Vifaa vya wakati huo havikutegemeka, na masikio ya Fleming yalikuwa mazito tangu zamani. Alitaka kuziona ishara kwa macho, kwenye kipimo cha umeme. Lakini umeme wa mawimbi ya redio huenda na kurudi maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kipimo hakiwezi kuukimbiza. Kinasukumwa huku na huku kwa nguvu sawa, kinabaki palepale.

Mwaka 1904 akakumbuka globu za zamani zilizokuwa kabatini. Miaka ya nyuma alikuwa mshauri wa kampuni ya taa za umeme ya Edison jijini London, na alizichunguza globu za ajabu zilizotiwa kibati cha chuma ndani, karibu na waya unaowaka. Aliona kwamba umeme unaruka kutoka kwenye waya wa moto hadi kwenye kibati, ukipita patupu pasipo hewa, lakini haurudi. Leo tunajua sababu: waya ukipata moto hutema elektroni, na kibati cha baridi hakitemi. Basi akaunganisha globu moja na mtambo wa mawimbi, na kipimo kikasogea! Umeme uliokuwa ukienda na kurudi sasa ulipita upande mmoja tu, kama upepo kwenye vali ya baiskeli, unaoingia bila kutoka. Mwenyewe aliiita vali, na Novemba 1904 akaiombea hataza. Ndiyo mama wa elektroniki. Hata chaja ya simu hapo nyumbani ina dayodi zinazofanya kazi ileile, ingawa hazina tena globu wala waya wa moto.

Na imani yake je? Hakuificha. Alihubiri katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, akieleza kwa nini anaamini ufufuko wa Kristo. Kwa miaka mingi aliongoza Victoria Institute, chama kilichozungumzia sayansi na dini ya Kikristo. Ninachokipenda kwake ni kwamba kumcha Mungu hakukumpunguzia kazi ya kupima. Ndani ya maabara hakukubali jambo mpaka kipimo kimesema. Uzeeni, mwaka 1932, alishiriki kuanzisha chama cha kupinga nadharia ya mageuzi ya viumbe. Hapo sikubaliani naye. Alikuwa amevuka mpaka wa fani yake, akaingia kwenye mambo ya wanabiolojia, na ushahidi wao ulikuwa mwingi kuliko alivyotaka kuukiri. Ila simwoni kuwa mnafiki. Aliyoyaamini aliyasema hadharani na akajitia hatarini kubishiwa.

Wala sayansi hakuiacha mpaka uzeeni: mwaka 1874 ndiye aliyesoma makala ya kwanza kabisa mbele ya chama kipya cha wanafizikia wa London. Mwaka 1939, akikaribia miaka 90, alisimama mbele ya chama hichohicho akasoma nyingine. Alifariki Aprili 1945 huko Sidmouth. Hakuwa na mtoto, na sehemu kubwa ya mali yake aliyaachia mashirika ya hisani ya Kikristo, hasa yale yanayowahudumia maskini.