Je, Wajua? Uzalishaji wa PlayStation 2 Ulikoma, Mabanda Hayakuiacha

Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani tarehe 4 Machi 2000. Ilisitisha kuipeleka kwenye maduka ya huko tarehe 28 Desemba 2012, na mapema Januari ikathibitisha kwamba haitengenezwi tena popote duniani. Kwa miaka sita ya mwisho iliuzwa sambamba na mdogo wake, PlayStation 3, aliyetoka 2006. Jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 155.

Hiyo ni hesabu ya kiwandani. Ya mtaani ni nyingine. Kwenye mabanda ya gemu ya Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala jijini Dar es Salaam, PS2 iliendelea kumwingizia mwenye banda hela wakati Japani imeshaachana nayo. Ilibebwa na mambo matatu.

La kwanza ni TV. PS2 hutoa picha kwa waya wa AV wenye vichwa vitatu: njano, nyekundu na nyeupe. TV ya chogo inaupokea bila kuhitaji kifaa kingine. Usiku wa 31 Desemba 2012, siku tatu tu baada ya uamuzi ule wa Japani, Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia. TV ya chogo isiyo na king'amuzi ikawa haishiki chaneli, ila matundu yake ya AV yalibaki mazima. Ikageuka TV ya gemu. PS4, iliyotoka 2013, haina tundu la AV kabisa. Inataka TV ya HDMI.

La pili ni mpira. Banda linaishi kwa wateja wanaolipia mechi, na mteja anataka kikosi anachokijua. Hadi mwaka 2013 gemu mpya za PS2 zilikuwa bado zinatolewa: FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014. Zilipokoma, wapenzi wake sehemu mbalimbali za dunia wakaendelea kubadilisha wenyewe majina ya wachezaji na jezi ndani ya gemu za zamani.

La tatu, na ndilo kubwa, ni fundi. Kinachochoka mapema ndani ya PS2 ni lenzi inayosoma diski. Ikichoka, diski inazunguka na kuzunguka lakini gemu haifunguki. Fundi anafungua kifuniko, anafuta lenzi kwa pamba yenye spiriti, na ikigoma anaweka nyingine. Siku hizi ipo njia ya kuikwepa kabisa: memori kadi ya MB 8 inawekewa programu inayoamka mashine inapowashwa, kisha gemu zinasomwa kutoka kwenye flashi. Tatizo lake ni mwendo. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha zamani, halizidi MB 1.5 kwa sekunde, wakati DVD yake hufikia takriban MB 5. Ndiyo maana video za mwanzo wa gemu hukwamakwama kwenye flashi, ingawa mechi yenyewe inaweza kwenda vizuri.

Kwa hiyo anayetaka kujua mashine ya zamani itauzwa hadi lini asitazame tangazo la kampuni peke yake. Aulize kama gemu ya mpira yenye vikosi vya sasa bado inapatikana, kama lenzi na pedi za kubadilisha zipo, na kama mtaani kwake kuna fundi anayeijua. Zikiwepo hizo tatu, mashine bado ina soko, na kijana mwenye mtaji mdogo bado anaweza kufungua banda.