Mwani Mmoja, Sabuni Tatu

Sabuni nzuri ni ipi? Muulize mama wa Ng'ambo mwenye watoto watano, atakuambia ni ile yenye povu jingi, isiyoyeyuka upesi ikisahauliwa kwenye beseni. Mtalii anayepita Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, atainusa kwanza, kisha atatazama karatasi iliyofungiwa. Mwenye hoteli anataka vipande vidogo vinavyolingana, vinavyofika kila wiki bila kukosa. Wote watatu wanadai ubora, lakini kila mmoja ana wake.

Hapo ndipo miradi mingi ya akina mama inapokwama. Tunapika sabuni ya namna moja, tunaisifu kuwa bora, halafu tunashangaa haitoki. Mwaka 1987 Mmarekani David Garvin, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kwamba ubora una pande nane, zikiwemo utendaji, kudumu, sura na huduma baada ya kuuza. Hakuna bidhaa inayoweza kushinda pande zote kwa bei moja. Ni lazima uchague.

Wakulima wa mwani wa Unguja wanalijua jambo hili kwa jasho. Kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, huingia baharini na kamba zao, migongo imeinama kwa saa nyingi. Mwani wao mkuu ni wa aina mbili. Kotonii hutoa kigandishi kigumu, na bei yake huwa juu. Spinosamu hutoa kilicho laini, na bei yake ni ya kusikitisha. Kwa bahati mbaya, bahari ilipozidi kupata joto, kotonii ndiyo iliyokufa katika mashamba mengi ya maji mafupi. Akina mama wakabaki na ile ya bei ndogo.

Basi wafanyeje? Tangu mwaka 2006, mpango wa kuendeleza zao hili, ambao Dkt. Flower Msuya ni miongoni mwa waanzilishi wake, umewahimiza wakulima kuusindika mwani wenyewe. Unaoshwa, unakaushwa, unasagwa kuwa unga na kutiwa katika sabuni ya mafuta ya nazi. Hapo spinosamu haionewi haya tena.

Sasa tugawe sabuni hiyo. Ya mama wa Ng'ambo iwe mche mkubwa, mgumu, bila manukato ya gharama wala karatasi ya kupendeza. Ya mtalii itiwe mafuta ya karafuu, mchaichai au mlangilangi, na karatasi yake ieleze mwani umelimwa wapi; yeye ananunua pia habari za mahali. Ya hoteli ikatwe kwa kipimo kimoja, na pawepo akiba ya kutosha ili mgonjwa mmoja kikundini asiufanye mzigo uchelewe. Yule mwanamke wa Mithali 31 naye alikuwa na nguo za kitani za kuuza na mishipi ya kuwapelekea wafanyabiashara, wala hatusomi kwamba alitegemea bidhaa moja tu!

Lakini dada, kuna ubora usiopunguzwa hata katika sabuni ya bei ya chini kabisa, nao ni usalama wa ngozi. Pima kostiki soda kwa mizani, usikisie kwa kijiko. Mimina soda ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya soda, maana huweza kuruka na kukuunguza. Sabuni iliyopikwa bila moto iache ikomae wiki nne hadi sita. Anayeiuza mapema kwa sababu ya shida ya ada anawapa wanunuzi mwasho.

Huduma nazo zina bei. Huko Paje, kampuni ya Mwani Zanzibar hutengeneza sabuni na mafuta ya ngozi, na pia huwatembeza wageni kuona kazi inavyofanywa. Kikundi kidogo kinaweza kufanya hivyo hivyo, ila mgeni akifika maji yamejaa hataona shamba. Kwa hiyo ratiba ya bamvua ipelekwe hotelini mapema, pamoja na mzigo wa sabuni.