"Use by" na "Best before": tarehe mbili, maana mbili

Katika maduka ya Uingereza pakiti nyingi za chakula zimeandikwa tarehe, na mbele yake yapo maneno "Use by" au "Best before". Kwetu tumezoea kuona "mwisho wa matumizi" tu, na wengi wetu huyafasiri maneno yote mawili hivyo hivyo. Hata mimi, nilipoanza kazi ya kutafsiri, nilifanya kosa hilo. Jirani yangu akatupa mfuko mzima wa mchele kwa sababu ya "Best before". Kumbe ni yeye huyo huyo aliyewapikia wanawe kuku aliyepitwa na "Use by" kwa siku mbili, eti kwa kuwa hakuwa ananuka.

"Use by" ni tarehe ya usalama. Huwekwa kwenye vyakula viharibikavyo upesi: nyama, kuku na samaki wabichi, saladi iliyokatwa tayari, na vyakula vilivyopikwa ambavyo hupashwa moto tu. Ikishapita, usipike, usile, wala usimpe mtu. Duka nalo haliruhusiwi kisheria kukiuza. Wazee wetu walitufundisha kunusa na kuonja, na maziwa yaliyochacha hujitangaza yenyewe. Lakini bakteria wenye kudhuru huweza kuwemo katika chakula pasipo kubadili harufu, rangi wala ladha. Aina moja, iitwayo listeria, huendelea kuzaliana hata ndani ya friji. Mtu mwenye afya njema huenda asipate zaidi ya homa. Mjamzito aweza kupoteza mimba. Wazee, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu wamo hatarini vilevile.

Tarehe hiyo ina masharti yake: friji iwe na nyuzi 5 za Selsiasi au chini ya hapo. Na pakiti ikielekeza kwamba chakula kiliwe ndani ya siku 3 baada ya kufunguliwa, fuata hesabu hiyo, ila usiivuke "Use by".

"Best before" inahusu ubora. Utaiona kwenye mchele, unga, biskuti na vyakula vya kopo. Baada yake biskuti zaweza kulainika na bizari kupungua harufu, lakini chakula kilichohifadhiwa vizuri hakidhuru. Hapa macho na pua vyatosha, na kukitupa ni israfu. Mayai pia huliwa baada ya tarehe hii, mradi yapikwe mpaka ute na kiini vigande.

Wakati wa Idi wengi hununua nyama kwa wingi. Siku ya "Use by" yenyewe bado imo ndani ya muda: mpaka saa sita usiku waweza kuipika au kuigandisha kwenye friza. Utakapoihitaji, iyeyushe ndani ya friji, kisha uipike na kuila ndani ya saa 24.