Filta ya Oili: Usipende Jina, Penda Namba



Mvua za kupandia huku kwetu Kahama tunazitegemea Novemba. Kuanzia Septemba simu yangu haipumziki, na siku hizi maswali si ya mbegu na mbolea tu. Vijana wengi wa Ushetu, Msalala na hapa mjini mmenunua trekta, mna Canter au kirikuu cha kubebea mazao, wengine mna pawatila za kwenye majaruba ya mpunga. Swali linalojirudia ni hili: "Afisa, fundi wangu anasema injini imezoea filta ya chapa fulani, nikibadili itanoki. Ni kweli?"

Mimi ni afisa ugani, si fundi wa injini. Ila trekta likisimama Desemba, shamba nalo limesimama, na mkopo hausubiri. Kwa hiyo hili nalo ni somo la kilimo. Twende taratibu.

Filta inafanya kazi gani

Oili inazunguka ndani ya injini ikipooza, ikilainisha na kubeba uchafu: masizi ya dizeli, vumbi lililopenya, na chenga za chuma zinazotokana na vyuma kusuguana. Pampu inaisukuma ipite kwenye filta kabla haijafika kwenye metali za kranki. Ndani ya kopo la filta kuna karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi. Uchafu unabaki kwenye karatasi, oili inapita.

Kwenye mfumo huo kuna vitu viwili ambavyo wanunuzi wengi hawavijui. Cha kwanza ni valvu ya dharura. Karatasi ikiziba, valvu hii inafunguka ili oili ipite bila kuchujwa, maana ni afadhali injini ipate oili chafu kuliko ikose kabisa. Ndiyo maana unaweza kulima wiki nzima na filta iliyoziba, taa ya oili isiwake, huku uchafu unatafuna injini kimyakimya.

Cha pili ni mpira mwembamba unaozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Unahitajika hasa pale filta inapolala ubavu au mdomo wake unapoelekea chini. Mpira huo ukiwa hafifu, asubuhi ukipiga stata utasikia injini inagonga sekunde chache na taa ya oili inachelewa kuzima. Hizo sekunde chache kila siku zinaisha kwa kufungua injini.

Je, injini inazoea chapa?

Hapana. Injini haisomi maandishi ya kwenye kopo. Inachojua ni kwamba oili imefika, kwa presha inayotakiwa, ikiwa safi.

Lakini tusimdharau fundi. Mara nyingi amewahi kuona gari lililobadilishiwa filta likaharibika, akahitimisha kwamba tatizo ni chapa. Yawezekana kabisa filta ile haikuwa ya injini ile. Ilifunga vizuri kwa sababu uzi wake unalingana, lakini ndani ni tofauti. Kuna injini ambazo valvu ya dharura imejengwa kwenye injini yenyewe, na nyingine zinategemea iliyo ndani ya filta. Filta mbili zinaweza kufanana kwa macho na uzi ukawa mmoja, moja ikawa na valvu, nyingine haina. Kwa hiyo "imeingia" si sawa na "inafaa".

Jina linakuambia kidogo kuliko unavyodhani

Chukua Sakura, jina linalojulikana sana kwenye maduka ya spea Afrika Mashariki. Wengi wanaamini ni ya Japani kwa sababu ya jina. Kumbe ni ya kampuni ya Indonesia iitwayo Selamat Sempurna. Hilo haliifanyi kuwa mbaya hata kidogo. Linakuonyesha tu kwamba tulikuwa tunapenda hadithi tuliyojitungia wenyewe.

Au chukua MANN na WIX. Wapo wanaobishana gereji ipi kali, ile ya Mjerumani au ile ya Mmarekani. Tangu 2016 zote mbili ziko chini ya kampuni moja, MANN+HUMMEL ya Ujerumani. Tena watengenezaji wengi wa magari na matrekta hawana kiwanda cha filta: wanaagiza kwa wataalamu wa filta, kisha wanaweka nembo yao.

Sisemi chapa hazina maana. Kampuni yenye jina ina cha kupoteza, kwa hiyo inajitahidi kopo la leo lifanane na la mwaka jana. Hiyo ndiyo faida halisi ya kukaa na chapa moja: unajua unachopata. Lakini faida hiyo ipo tu kama kilichomo kwenye boksi ni cha kampuni hiyo kweli.

Anayependa jina ndiye anayelengwa na feki

Hapa naomba tuelewane vizuri. Anayetengeneza feki hahangaiki kuiga filta isiyojulikana. Anaiga ile mnayoipenda. Ukiingia dukani ukasema "nipe ile ya boksi la rangi fulani", umeshamwambia muuzaji asiye mwaminifu kwamba unanunua boksi. Atakupa boksi.

Kupambana na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ukishuku umeuziwa feki, usiitupe: tunza filta, boksi na risiti, upeleke taarifa. Bila risiti ya EFD huna pa kuanzia, kwa hiyo idai hata kama umezoeana na mwenye duka.

Kabla hujalipa, fungua boksi hapo hapo kaunta:

- Namba ya kwenye boksi na ya kwenye kopo ni moja? Maandishi yameiva, au ukisugua kwa kidole yanafutika?
- Uzi umekatwa safi, au una vipande vya chuma vinavyoning'inia?
- Mpira wa sili ni laini na umekaa sawasawa kwenye mfereji wake, au umekauka na kupasuka?
- Chungulia kwenye matundu. Kuna kutu au vumbi la chuma? Rudisha.
- Bei iko chini mno kuliko maduka mengine yote? Jiulize kwa nini.

Feki nzuri inaweza kupita ukaguzi huu. Ndiyo maana muuzaji ana uzito kuliko boksi. Tafuta wakala anayetambuliwa, au duka ambalo lipo miaka na litakuwepo ukirudi na malalamiko.

Namba ndiyo ya kushika

Kila filta ina namba ya mtengenezaji wa injini, na kampuni nyingine zina namba zao zinazolingana nayo. Mfano: Massey Ferguson nyingi za huku zina injini za Perkins, na filta ya oili ya injini nyingi za Perkins ni namba 2654403. Donaldson wana inayolingana nayo, P554403. Fleetguard wana LF701. Kwa Toyota, filta nyingi za kopo zina namba inayoanza na 90915, halafu tarakimu za mwisho ndizo zinazotofautisha injini.

Hakikisha kwanza kwenye kitabu cha trekta au gari lako, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na injini tofauti. Ukishaijua namba, huna haja ya kufungwa na chapa moja. Dukani zikiisha za chapa yako katikati ya msimu, unachukua inayolingana kutoka kampuni nyingine inayoeleweka na kazi inaendelea. Asiyejua namba anabaki na mawili: asubiri, au abahatishe.

Kama trekta bado lina waranti, soma masharti kabla ya kubadili chochote. Kutunza risiti na rekodi za sevisi ndiko kutakakokulinda siku ya kudai.

Pawatila na mashine za Kichina

Injini nyingi za Kichina za silinda moja, zile za pawatila na mashine za kukoboa, hazina filta ya kopo. Zina chujio la wavu. Hilo linatolewa na kuoshwa kwa dizeli safi kila unapomwaga oili. Filta ya karatasi ni kinyume chake: usiioshe kamwe kwa petroli ukairudisha. Karatasi ikishaloa uchafu kazi yake imeisha.

Kuwa mwaminifu kwa haya

Saa. Waliofanya kazi Buzwagi kabla ya mgodi kufungwa 2021, au wenye ndugu Bulyanhulu, wanajua kwamba mitambo inahudumiwa kwa saa za kazi, si kwa kukumbuka. Matrekta mengi yanataka oili na filta kila saa 250, mengine mapema zaidi, na trekta jipya mara nyingi sevisi ya kwanza ni saa 50. Filta bora duniani iliyokaa saa 600 imeshindwa na ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati. Kwa vumbi letu la Agosti, usisogeze mbele hata siku moja.

Kufunga. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haujabaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili itamwagika yote ukiwa shambani. Paka oili mpira mpya, kaza kwa mkono kama ilivyoandikwa kwenye kopo, washa, kagua kama inavuja, zima, pima tena kwa dipstiki.

Kukagua ya zamani. Ikate kopo kwa mkasi wa bati au patasi, si kwa msumeno, usije ukachanganya chenga zako na za injini. Tandaza karatasi juani. Weusi ni kawaida. Chenga zinazong'aa ni ujumbe: muone fundi kabla ya msimu, si katikati yake.

Hesabu yako

Tuseme unalimia watu eka 8 kwa siku kwa shilingi 60,000 kwa eka. Hiyo ni 480,000. Trekta likikaa gereji siku 10 mwezi wa Desemba, umepoteza 4,800,000 kabla hujanunua metali wala kumlipa fundi, na wateja wako wameshampata mwingine. Weka bei zako halisi, kisha uangalie ile tofauti ya bei kati ya filta ya uhakika na ya kubahatisha.

Leo jioni nenda kwenye trekta lako, soma namba ya filta iliyofungwa, ilinganishe na kitabu, iandike kwenye daftari pamoja na saa zilizopo kwenye mita. Ukiwa na hayo mawili, hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Makala ijayo tutaangalia filta ya hewa, maana hapo ndipo vumbi la Kahama linapoingilia. Kazi njema.