Mfungwa wa Maisha: Toba Yake na Haki ya Aliyedhulumiwa

Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu) amefasiri kule kuondolewa nchini kwa waporaji wa njiani, katika Suratul-Maidah aya ya 33, kuwa ni kufungwa jela. Katika madhehebu yake kifungo hicho hakikuwekewa idadi ya miaka. Mtu hukaa ndani mpaka toba yake idhihiri, si kwa ulimi tu, bali kwa mwenendo unaoonekana.

Tuitazame Kenya. Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye tabia njema thuluthi ya kifungo, ila wa maisha hana fungu hilo. Baadhi yao walihukumiwa kunyongwa wakabadilishiwa adhabu. Mwaka 2016 pekee walikuwa 2,747. Kilichowabakia ni msamaha wa Rais, kupitia kamati iliyowekwa na ibara ya 133 ya Katiba ya 2010.

Ibara hiyo yasema kamati yaweza kuzingatia maoni ya waliodhulumiwa. Yaweza, hailazimiki! Ama kwa mafaqihi, katika kuua kwa kukusudia wenye kusamehe ni warithi wa aliyeuawa, kwa diya au bure (Suratul-Baqara, aya ya 178). Hata mporaji aliyetubu kabla ya kukamatwa huondokewa na haddi tu. Damu na mali za watu zingali shingoni mwake.

Basi tunaonelea kamati ianze kwa mjane na mayatima, iwaulize, kisha ndiyo itazame toba ya mfungwa. Na mzee aliyetengenea zamani, asiye na wa kumwombea, faili lake lisisubiri barua ya mkubwa.

Wallahu a'alam.